GERSHOMU: JINA LA MTOTO ALIYEZALIWA UGENINI

Masomo: Kutoka 2:15-22, Kutoka 18:1-4, Waamuzi 18:30, 1 Mambo ya Nyakati 23:14-17



Tunawasalimu ninyi nyote mlioko hapa Dzaleka, na ninyi mlioko Lilongwe kwa matibabu, kwa masomo au kwa shughuli nyingine. Leo tujifunze juu ya jina moja ambalo makanisani mwetu halisikiki mara nyingi. Akina Musa tunao wengi. Akina Eliezeri wapo. Lakini ukiita "Gershomu!" katika shule ya Jumapili, huenda asiitike mtoto hata mmoja. Hata hivyo, katika majina yote ya Biblia ni vigumu kupata lingine linalotuhusu sisi wakimbizi kama hili.

1. Jina hili lilitoka wapi?

Musa alikimbia Misri kwa sababu Farao alitaka kumwua. Alifika Midiani peke yake, akaketi kando ya kisima kama mtu asiye na pa kwenda. Pale kisimani wachungaji waliwafukuza binti za kuhani, naye Musa akasimama akawasaidia. Kwa ajili ya tendo hilo akakaribishwa nyumbani, akapewa chakula, na baadaye akapewa Sipora awe mke wake. Walipopata mtoto wa kiume, Musa akamwita Gershomu. Biblia inatupa na sababu yake: Musa alisema amekuwa mgeni katika nchi isiyo yake.

Katika Kiebrania, neno "ger" ni mgeni anayekaa kati ya watu wasio wa kabila lake, na "sham" maana yake ni huko. Kwa hiyo masikio ya Kiebrania husikia: "mgeni huko". Tena liko neno "garash", maana yake kufukuza, nalo linasikika ndani ya jina hilohilo. Ndilo neno lililotumika mistari michache tu juu yake, pale wachungaji walipowafukuza wale mabinti. Basi jina moja linakumbusha mambo mawili: kufukuzwa, na kukaa ugenini. Ni nani kati yetu anahitaji kufafanuliwa hayo?

Lakini angalieni jambo hili. Mtoto mwenyewe hakukimbia. Alizaliwa Midiani, mama yake alikuwa mwenyeji, na babu yake alikuwa kuhani wa huko. Aliyekimbia ni baba. Mtoto alibeba historia ya baba yake katika jina lake.

Ndivyo ilivyo kwetu. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994. Watoto waliozaliwa hapa miaka ile ya kwanza sasa ni watu wazima, na wengine wana watoto wao. Hawajaiona Uvira, wala Bujumbura, wala Kigali. Wanacheza na kugombana kwa Kichewa. Lakini wakiulizwa, "Wewe ni wa wapi?", wanataja nchi ambayo wameisikia tu midomoni mwa wazazi. Hao ndio akina Gershomu wetu, hata kama tumewaita majina mengine.

2. Je, jina la uchungu ni laana?

Sisi tuliotoka Kongo ya mashariki tunawajua akina Masumbuko, akina Mateso, akina Shida. Wenyeji wetu wa Malawi nao wanao akina Masautso na akina Mavuto, na maana ni ileile. Wazazi walitoa majina hayo kwa sababu mtoto alizaliwa njiani, au baada ya msiba, au wakati wa njaa. Jina lilikuwa kama kalenda: lilitunza tarehe ambayo haikuandikwa popote.

Siku hizi wapo wanaofundisha kwamba jina la namna hiyo humfunga mtoto, na kwamba asipolibadili hatabarikiwa kamwe. Kijana anatoka katika mkutano wa maombi akiwa na hofu, anamtazama mama yake kama mtu aliyemlaani. Wapendwa, tusidanganyane. Someni habari za Yabesi katika 1 Mambo ya Nyakati 4:9-10. Mama yake alimpa jina la huzuni kwa sababu alimzaa kwa uchungu. Biblia haisemi kwamba Yabesi alibadili jina. Inasema alimwomba Mungu wa Israeli, na Mungu akampa alichoomba. Aliingia katika maombi na jina lake lilelile, na halikumzuia kusikiwa.

Hata mahali tunapoishi pana jina la uchungu. Zamani za Rais Kamuzu Banda, Dzaleka ilikuwa gereza, na watu walifungwa hapa kwa sababu za siasa. Jina lenyewe huelezwa kuwa maana yake ni "sitarudia tena". Ni maneno ya mtu aliyeadhibiwa. Lakini je, jina limepafunga mahali hapa? Pamejengwa shule, zahanati na makanisa. Watu wanabatizwa hapa na kuoana hapa. Na tangu mwaka 2014 tamasha la Tumaini limewaleta wageni kutoka Lilongwe na mbali zaidi, waje waimbe na kucheza pamoja nasi. Mahali palipoitwa "sitarudia tena" sasa watu wanapanga safari ili waparudie.

Kama mtu mzima anataka kubadili jina lake, hiyo ni haki yake. Abramu naye alibadilishiwa. Lakini asibadili kwa kumwogopa shetani, wala kwa kumwonea mama yake aibu.

3. Musa alikuwa na mtoto wa pili

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Katika Kutoka 18, Yethro anamletea Musa mke wake na wana wake wawili. Wa kwanza ni Gershomu, na Biblia inarudia maana ya jina lake. Wa pili ni Eliezeri, yaani "Mungu wangu ni msaada". Musa alisema Mungu wa baba yake alimsaidia na kumwokoa na upanga wa Farao.

Majina haya mawili yalikuwa yakiitwa katika nyumba moja. Sipora alipowaita watoto waje kula, alikuwa akihubiri bila kujua: "Mgeni Huko! Mungu Wangu ni Msaada! Njooni mezani!" Huwezi kumwita mmoja ukamwacha mwingine na njaa.

Wengine kati yetu wana Gershomu tu nyumbani. Kila siku habari ni za kufukuzwa, za mashamba yaliyochukuliwa, za posho iliyopungua, za majibu yasiyokuja. Mambo hayo ni kweli. Mwaka 2023 serikali ilipoagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi nje ya kambi warudi Dzaleka, wengi waliacha biashara zao za Lilongwe, na watoto wakaacha shule walizozizoea. Mtoto aliyedhani yeye ni wa Lilongwe alijifunza kwa siku moja kwamba yeye ni mgeni. Tusimwambie kwamba hayo hayakutokea. Musa hakuficha.

Wengine nao wanataka Eliezeri tu. Kila ushuhuda ni ushindi, na mtu akilia anaambiwa hana imani. Lakini upanga wa Farao umo ndani ya maelezo ya jina la Eliezeri! Asiyekubali kuutaja upanga atashukuru kwa ajili ya nini? Kwa hiyo mzazi anayemsimulia mtoto habari za vita, amsimulie pia ni nani aliyewaficha usiku ule, ni nani aliyewavusha ziwa, ni nani aliyewapa uji walipofika Karonga. Hayo mawili yaende pamoja.

4. Nyumba moja, njia mbili

Sasa tuangalie wazao wa Gershomu. Waamuzi 18:30 inamtaja Yonathani wa ukoo wa Gershomu. Huyu alikuwa kuhani wa sanamu kwa kabila la Dani. Mjukuu wa mtu aliyepokea Amri Kumi aliajiriwa kuhudumia sanamu! Ukisoma sura ya 17 unaona jinsi ilivyoanza: alikuwa kijana anayetangatanga akitafuta mahali pa kukaa, na mtu akamwahidi fedha, mavazi na chakula. Vijana wetu wanajua ahadi za namna hiyo.

Lakini geuza ukurasa ufike 1 Mambo ya Nyakati 23 na 26. Huko yupo Shebueli, wa ukoo huohuo wa Gershomu, naye amewekwa kuwa msimamizi wa hazina. Mtu wa ukoo wa "Mgeni Huko" anaaminiwa mali ya nyumba ya Mungu.

Ukoo ni mmoja na jina la babu ni lilelile. Mmoja alinunuliwa, mwingine aliaminiwa. Basi jina zuri haliokoi, na jina gumu haliangamizi. Ukimwita mtoto Baraka halafu usimfundishe lolote, umempa lebo tu. Kijana aliyezaliwa kambini asiseme, "Mimi ni mkimbizi, nifanye nini?" Shebueli naye alikuwa wa ukoo wa mkimbizi, akashika funguo.

5. Walioitwa hivyo baadaye

Jina hili halijawa la wengi, lakini halikufa. Miaka 1,000 hivi iliyopita, katika mji wa Mainz nchini Ujerumani, aliishi mwalimu mkubwa wa Wayahudi aliyeitwa Gershom. Watu wake, walioishi mbali na nchi ya baba zao, walimpa heshima ya kumwita Nuru ya Uhamisho. Mgeni akawa taa ya wageni wenzake. Katika Afrika Mashariki, Uganda na Kenya utawakuta wachache. Gershom Sizomu, rabi wa Wayahudi wa Uganda wanaoishi karibu na Mbale, alichaguliwa kuwa mbunge mwaka 2016. Katika Biblia ya Kifaransa jina huandikwa Guerschom. Kwa hiyo mkilichagua, chagueni maandishi ya namna moja, myahakikishe siku mtoto anapoandikishwa, ili karatasi zake zisije zikapingana baadaye.

6. Jina likawa sheria

Jambo la mwisho. Musa yuleyule aliyemwita mtoto wake kwa neno "ger" ndiye aliyewaletea Israeli amri za Mungu juu ya "ger". Wasimwonee mgeni, kwa maana wanaijua hali ya mgeni (Kutoka 23:9). Wampende kama nafsi zao (Walawi 19:34). Maumivu aliyoyaandika katika jina la mtoto yaligeuka kuwa ulinzi kwa wageni wote.

Tunamshukuru Mungu kwa wenyeji wa Dowa na Lilongwe wanaotupokea. Lakini amri hii ni yetu pia. Dzaleka ilipangwa kwa watu kati ya 10,000 na 12,000, na leo tumepita 50,000. Anapofika mtu mpya, je, tunamwona ndugu, au mtu wa kutupunguzia maji ya bomba? Je, tunamwuliza kwanza kabila lake? Mtu aliyekaa hapa miaka 20 anaweza kumsahau yule Gershomu aliyekuwa yeye mwenyewe.

Basi wazazi, fanyeni jambo hili juma hili. Jioni moja, mwambieni kila mtoto jina lake maana yake ni nini, nani alilitoa, na siku ile mlikuwa wapi. Kama ni Masumbuko, mwambieni masumbuko gani, na jinsi Mungu alivyowavusha. Asiachwe na jina lisilo na hadithi, maana wengine watamtungia hadithi yao.

Tuombe: Ee Mungu wa Musa na Sipora, unawajua watoto wetu kwa majina. Uwakumbuke akina Gershomu waliozaliwa hapa. Uwe Eliezeri kwao, msaada wao. Uwalinde na wanaonunua roho za watu kwa chakula, uwafanye waaminifu kama Shebueli. Nasi utupe moyo wa kumpokea anayefika leo. Katika jina la Yesu, aliyepelekwa Misri akiwa mtoto mchanga. Amina.