Pesa ya Matumizi

Bei zinapopanda, wa kwanza kulaumiwa nyumbani ni yule anayekwenda sokoni. Tuliliona hilo mwaka 2022, mafuta ya kula, ngano na petroli vilipopanda kwa pamoja: pesa ya matumizi iliyoachwa mezani ilikuwa ileile, na chakula kilitarajiwa kiwe kilekile. Mama akaacha kununua mafuta kwa lita, akawa anapimiwa kwa kikombe, akapunguza chakula cha sahani yake, kisha akasema ameshiba. Hesabu hiyo anaifanya peke yake, na upweke huo, naamini, unauma kuliko bei yenyewe. Wewe unayeacha pesa asubuhi, Jumamosi hii shika kikapu, mwende sokoni pamoja.