Ceska Haikatai

Nina Ceska, ya leseni, risasi za milimita 9. Kwa miaka sita imekwama mara moja tu, uwanjani, na kosa lilikuwa langu. Bastola ya aina hii hujipakia yenyewe kwa nguvu ya risasi iliyotoka: chuma cha juu kinarudi nyuma, kinatupa ganda, kinaingiza risasi nyingine. Mkono ukilegea, chuma hakifiki mwisho na ganda linabanwa pale. Mkufunzi alicheka: "Buda, ishike kama unamaanisha." Nikajifunza. Siku hizi, nikiwa hatua kumi, matundu yangu yote unaweza kuyafunika na kisahani cha chai. Najivunia, sitadanganya.

Halafu usiku mmoja, stima zimepotea, mtu akaruka geti. Nilitoka nikamlenga kifua, kidole tayari.

"Anko, ni mimi!"

Mtoto wa dada yangu. Simu ilikuwa imezima chaji.

Kinachonisumbua si kwamba nilikaribia kumpiga. Ni kwamba mkono haukutetemeka hata kidogo. Wenzangu wakiniuliza kama Ceska inaaminika nilikuwa nasema ndiyo, bila kufikiri. Kumbe nilimaanisha inatii, na inatii woga upesi vilevile inavyotii akili. Ati leseni inasema mimi ni mtu anayefaa. Ilipima nini hasa? Kati yetu wawili, mimi na hicho chuma, ni mimi tu ningeweza kukataa, na nilikuwa nimetumia miaka sita kujifundisha kutokwama.

Kijana bado anakuja wikendi. Hupiga simu akiwa steji. Hajawahi kuutaja usiku ule, na mimi bado naipaka mafuta kila Jumapili.