Fomu Iliyobaki Mfukoni

Tuseme mhudumu wa afya ya jamii wa Rangwi, wilayani Lushoto, amemkuta mgonjwa bondeni, ana homa kali na mtoki. Lushoto wanazijua dalili hizo kwa uchungu: tauni iliibuka wilayani humo mwaka 1980, ikawa inarudi kwa zaidi ya miaka ishirini. Mhudumu anajaza fomu kwenye simu, anabonyeza "Tuma". Bondeni hakuna mtandao. Programu inamjibu: imetumwa. Kumbe imehifadhi tu. Anatia simu mfukoni, anapandisha mlima. Kule juu mtandao unarudi, ujumbe wa WhatsApp unamiminika. Fomu haitoki.

Kesho yake mganga wa zahanati anapiga simu.

"Dada, habari za huko? Sijaona taarifa yako, nikajua kuko shwari."

"Nilituma tangu jana, daktari!"

Aliyeandika programu aliitegesha isikilize tangazo la Android kwamba mtandao umebadilika. Mezani kwake, programu ikiwa wazi, ilisikia kila mara. Mfukoni mambo ni mengine. Simu huifunga programu isiyotumika, na tangu Android 7 ya mwaka 2016 tangazo hilo haliziamshi tena programu zilizolala. Uamuzi huo ulikuwa na sababu: kila mtandao ulipoyumba, programu nyingi ziliamka kwa pamoja zikala chaji. Mwaka uliofuata, Android 8 ikazibana pia huduma zinazofanya kazi chinichini.

Kazi ya namna hii hukabidhiwa mfumo wenyewe kupitia WorkManager, zana ya Android: fomu hii itumwe mtandao ukipatikana. Agizo hilo hubaki hata simu ikizimwa na kuwashwa. Ila alama ya mtandao kujaa si ushahidi kwamba intaneti ipo. Bando likiisha, alama hubaki palepale. Kwa hiyo fomu isifutwe, wala neno "imetumwa" lisitokee, mpaka seva ijibu kuwa imepokea. Kabla ya hapo mhudumu aandikiwe wazi: bado haijafika. Hilo la neno ndilo linaloniuma zaidi, maana mhudumu aliyeambiwa ukweli angepiga simu.

Na kwa mtoki apige tu, akishafika penye mtandao. Hata WorkManager huweza kucheleweshwa simu ikitulia ili kuokoa chaji, na tauni ikishaingia mapafuni, dawa inatakiwa ndani ya saa 24 tangu dalili zianze.