Deni la Matarajio

Tarehe 25 Juni 2009, jijini New York, kamishna wa NBA David Stern alisimama jukwaani akalitaja jina la kijana wa Dar es Salaam. Hasheem Thabeet, miaka 22, urefu wa mita 2.21, alikuwa wa pili kuchaguliwa kati ya vijana wote walioingia ligi ile mwaka huo. Memphis Grizzlies ndio waliomchukua. Wa tatu alikuwa James Harden, wa saba Stephen Curry. Hakuna Mtanzania aliyewahi kufika pale kabla yake, na hata sisi tusiojua kanuni za mpira wa kikapu tulitembea vifua mbele.

Kilichofuata kinajulikana. Grizzlies walikuwa tayari na Marc Gasol katika nafasi ya senta, na mgeni akawa anapewa kama dakika 13 tu kwa mchezo. Februari 2010 alishushwa kwenda Dakota Wizards, katika ligi ya chini ya kulelea wachezaji. Kabla ya hapo hakuna aliyechaguliwa juu kama yeye aliyewahi kupelekwa huko. Akahamishiwa Houston, kisha Portland, kisha Oklahoma City alikocheza pamoja na akina Kevin Durant. Mwaka 2014 safari yake ya NBA ikafika mwisho: michezo 224, wastani wa pointi 2.2. Tangu hapo, kila inapoandikwa orodha ya waliochaguliwa juu na wasifanye makubwa, jina lake halikosekani.

Wanasema alishindwa. Nauliza: alishindwa nini? Kama ni kucheza NBA, alicheza misimu mitano. Alichoshindwa ni kuwa yule mtu ambaye wengine waliamua kwamba atakuwa. Matarajio yalikuwa yao, lakini deni likaandikwa kwa jina lake. Je, mtu anaweza kudaiwa kwa ahadi ambayo hakuitoa?

Swali hili ni la Ulemo kama lilivyo la Memphis. Hapa katani kwetu, wilayani Iramba, kikapu si mchezo wa watoto. Nguzo unazoziona kwenye viwanja vya shule ni za netiboli, mti uliochimbiwa ardhini na pete ya nondo isiyo na wavu. Lakini kuchaguliwa tunakujua vizuri sana. Majina ya kidato cha tano yakitoka, simu moja inapita mkono kwa mkono, kidole kinateremka kwenye kioo mpaka kiguse jina. Mtoto ambaye jana alikuwa anapiga alizeti uani kwao anakuwa, kuanzia jioni hiyo, daktari wetu au mhandisi wetu. Yeye hajasema neno. Tumeshampangia maisha, na tutakuja kumsomea hesabu.

Mwaka 1974 Robert Nozick, mwanafalsafa wa Harvard, alipotaka kutetea haki ya mtu juu ya kipato chake, alimchukua mcheza kikapu awe mfano: Wilt Chamberlain, yule aliyefunga pointi 100 katika mchezo mmoja mwaka 1962. Tuchukulie, alisema Nozick, kwamba kila mtazamaji anatoa senti 25 za ziada ili amwone Chamberlain. Fedha hizo ni halali ya Chamberlain, kwa kuwa kila aliyetoa alitoa kwa hiari. Sikubaliani na yote ambayo Nozick aliyajenga juu ya mfano huo, hasa kuhusu kodi. Ila hiari ina upande wa pili. Kama inampa mchezaji haki ya kushika fedha, inamfunga pia aliyezitoa. Mtazamaji aliyelipa kiingilio akamkuta Chamberlain ana siku mbaya hawezi kumfuata nyumbani kumdai.

Grizzlies walikuwa na misimu mitatu ya kumtazama Thabeet akichezea Chuo Kikuu cha Connecticut. Huko alitajwa mlinzi bora wa ukanda wa Big East mara mbili, na katika msimu wa mwisho alikuwa akizuia mitupo zaidi ya minne kwa kila mchezo, timu ikafika nusu fainali ya taifa. Walijua pia kwamba aliushika mpira huo akiwa na miaka kama 15, umri ambao wenzake wa Marekani wameshacheza miaka kumi. Yote yalikuwa mezani. Wakapiga hesabu, wakaweka dau. Mfanyabiashara anayenunua alizeti ingali shambani hununua pamoja na hatari ya mvua kukatika. Mvua ikikatika, mkulima aliyepalilia mpaka mwisho hajamwibia mtu.

Nasikia wanaonijibu: sawa, timu ilicheza bahati nasibu, lakini kipaji chenyewe je? Mita 2.21! Mtu aliyepewa kitu kama hicho si ana wajibu wa kukitumia?

Hoja hii naiheshimu kuliko ile ya timu, na hapa Iramba ina mizizi. Hii ni nchi ya Walutheri, waliyoifanyia kazi wamisionari wa Augustana kutoka Marekani, na mfano wa talanta katika Mathayo 25 tumeusikia mimbarani tangu utoto. Watumwa watatu, mmoja talanta tano, mmoja mbili, mmoja moja. Watu wengi wanaukumbuka kama mfano wa faida. Ukiusoma polepole utaona kwamba aliyerudi na faida ya mbili anapokea sifa ileile ya aliyerudi na faida ya tano, na anayekemewa ni yule aliyechimba shimo akafukia. Halafu kuna mtu ambaye mfano umemnyamazia kabisa: mtumwa wa nne, ambaye angekwenda sokoni, akafanya biashara kwa bidii mchana kutwa, na jioni akarudi na kidogo kuliko alichotarajiwa kuleta. Nimemfikiria sana huyo. Bwana wake angemwambia nini?

Thabeet ndiye huyo wa nne. Baada ya NBA hakukaa chini kuhesabu mamilioni aliyoyapata. Alirudi ligi ya chini Marekani, akaenda Japani kuchezea Yokohama, na mwaka 2020, akiwa na miaka 33, alikuwa Taiwani na timu ya Hsinchu. Aliyefukia talanta yake haonekani uwanjani Hsinchu katika umri huo, na magoti ya mtu wa mita mbili na ushei. Urefu wenyewe hakuutafuta. John Rawls, aliyefundisha Harvard wakati mmoja na Nozick na kupingana naye katika mambo mengi, aliandika mwaka 1971 kwamba hakuna anayestahili fungu la vipaji alilozaliwa nalo. Naongeza langu: ikiwa mtu hawezi kujisifia kwa kuupata urefu, basi hawezi pia kubebeshwa lawama kwamba urefu huo haukuzaa tunda ambalo sisi tulikuwa tumeshalichuma kwa macho.

Na hayo macho yenyewe yalikuwa yanamtazama nani? Kabla yake alikuwapo Hakeem Olajuwon wa Lagos, wa kwanza kuchaguliwa mwaka 1984, na Dikembe Mutombo wa Kinshasa, wa nne mwaka 1991. Wote wawili walijifunza kikapu wakiwa vijana wakubwa, wote wawili wakawa miongoni mwa wakubwa wa mchezo. Alipotokea Mwafrika mwingine mrefu, mwepesi wa kuzuia, aliyeanza akiwa amechelewa, wengi walimwona Mutombo. Hii ndiyo dhuluma ya matarajio ambayo mara nyingi tunaiita imani: tunamtazama mtu aliye mbele yetu na kumwona mwingine, kisha tunamkasirikia kwa kutofanana naye.

Manute Bol alisalimika na jicho hilo. Alikuwa na mita 2.31, Mdinka kutoka nchi ambayo leo ni Sudan Kusini, na Washington Bullets walimchukua mwaka 1985 akiwa wa 31. Wastani wake wa pointi kwa maisha yote ya NBA ni 2.6. Kweli, katika kuzuia mitupo alikuwa bingwa wa ligi nzima, na hapo Thabeet hakumkaribia. Lakini Bol alipendwa kwa alichofanya, wala hakuna aliyemlaumu kwa pointi ambazo hakufunga, na naamini ile namba 31 ilichangia sana. Mchezaji anayetoka nafasi ya 31, kila anachofanya ni nyongeza. Kwa aliyetoka nafasi ya pili, kila anachofanya ni pungufu.

Sisemi matokeo hayana maana. Septemba 2025 Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida, alishinda marathoni ya mashindano ya dunia jijini Tokyo akimtangulia Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03. Wote wawili wameandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Nilishangilia kama wengine, na ile dhahabu ni dhahabu kweli. Hata hivyo miaka ya Simbu barabarani isingepungua hata asubuhi moja kama kifua cha Petros kingetangulia. Tungekuwa na mtu yuleyule, mwenye mapafu yaleyale na subira ileile, ila tungemzungumzia kwa sauti nyingine.

Limebaki dai moja ambalo hoja zangu zote hazijaligusa, na ndilo gumu. Timu iliweka dau, na taifa lilitumaini bure bila kutoa kitu. Mzazi hakufanya kamari, na tumaini lake halikuwa la bure. Mzazi aliuza ng'ombe. Jirani yangu mmoja, mama mjane, aliuza wawili mfululizo ili kijana wake amalize chuo kikuu, na zizi lake mpaka leo lina mbuzi tu. Kijana alimaliza. Ana shahada, na anaendesha bodaboda Singida mjini. Nilipomuuliza mama kama haoni kwamba mali yake imepotea, aliendelea kuchambua vitunguu, akaniambia, "Baba, niliuza ng'ombe ili asome. Amesoma."

Jibu hilo limenishughulisha kuliko Rawls na Nozick wote wawili. Mama anajua hasa alilipia nini, na anajua alikipata. Kati yake na mwanawe kulikuwa na maagano, na kila mmoja ametimiza upande wake. Ajira serikalini, nyumba ya bati, gari la kurudi nalo Krismasi, hayo tuliyaongeza sisi majirani juu ya maagano ya watu wawili, na kwa ng'ombe wale hatukuchangia hata kwato.