Dhambi ya neno moja

Nikiwa mwanafunzi wa uandishi, nilipelekwa fildi kwenye gazeti moja. Niliandika habari ya kijana aliyekamatwa na polisi, nikamwita "mtuhumiwa". Mhariri akafuta, akaweka "mwizi". Nikanyamaza, fomu yangu ya alama ilikuwa mezani kwake. Habari ikatoka kwa jina langu.

Ndugu msomaji, Surat Hujurat, aya ya 6, inatuamuru tuhakikishe habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Mimi sikuwa na udhuru huo. Wapo watakaosema mwanafunzi hana kauli mbele ya mhariri. Sawa, lakini ulimi ninao.

Baadaye mahakama ilimwachia huru. Gazeti halikuandika hata mstari. Mama yake anauza vitumbua mtaa wa pili, nami hadi leo napita njia nyingine.