Tusi la Mazoea

Matusi yakizoeleka hupoteza nguvu na kumvunjia msemaji heshima. Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Keele, Uingereza, walibaini kuwa watu waliotumbukiza mkono kwenye maji ya barafu huku wakitamka tusi walivumilia maumivu kwa muda mrefu zaidi. Utafiti uliofuata, wa mwaka 2011, ulionyesha kuwa nafuu hiyo hupungua kwa wenye kutukana sana kila siku. Watoto nao hudaka haraka: neno la kondakta kituoni au la mzazi jikoni husikika darasani kabla mtoto hajajua maana yake. Nyumbani, tusi hugeuza tofauti ndogo kuwa ugomvi. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.