Aya, mwani na bomba la Chongoleani

Tangu bomba la mafuta lianze kuelekezwa Chongoleani, hapa Tanga kila baraza lina mtaalamu wake wa petroli. Hilo halinisumbui. Yanayonisumbua ni mawaidha niliyoyasikia msikitini: kwamba aya ya nne na ya tano za Suratul-A'laa, zinazotaja malisho yanayooteshwa kisha yakawa makavu meusi, zinaeleza jinsi petroli inavyotokea, na wanasayansi wameligundua hilo juzi tu. Vijana walitoka wamefurahi. Wanajua nafundisha kemia, wakanizunguka: "Mwalimu, si umesikia?"

Nilisikia. Sura hiyo husomwa mno kwenye sala ya Ijumaa, na wafasiri wa zamani walitosheka kuona humo majani yanayonyauka na kusombwa na maji ya mafuriko. Mimi pia yananitosha.

Niliwauliza, sayansi ipi? Maana mwaka 1877 Dmitri Mendeleev, yule yule wa jedwali la elementi lililobandikwa darasani kwangu, alisema petroli haina uhusiano na majani wala wanyama: maji hupenya chini kabisa, yakakutana na kabidi za chuma, mafuta yakatoka. Mwaka 1951 Nikolai Kudryavtsev akaifufua hoja hiyo huko Muungano wa Kisovyeti, ikapata wafuasi wa kutosha. Mwenye mawaidha angekuwa mtu wa huko enzi hizo, aya ile ile angeifungia nadharia gani?

Kwa mafuta tunayoyachimba, naona kesi imekwisha. Mwaka 1934 mkemia wa Munich, Alfred Treibs, alitangaza kwamba ndani ya mafuta ghafi kuna porfirini. Hiyo ni molekuli yenye umbo la pete, na katikati pana nafasi ya metali. Kwenye jani bichi nafasi hiyo ina magnesiamu, kwenye damu yako ina chuma. Kwenye mafuta mara nyingi utakuta nikeli au vanadiamu, lakini pete ni ya ukoo ule ule. Sijaona maji na kabidi vikifinyanga pete ya namna hiyo.

Halafu kuna nta. Mafuta ya Ziwa Albert, ndiyo ya bomba hili, yamejaa nta kiasi kwamba ukiyaacha kwenye joto la kawaida yanaganda, na nta ya namna hiyo ni alama ya mwani uliozama kwenye matope ya ziwa la kale. Ndiyo sababu bomba lote, kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, limevikwa kinga na kuwekewa umeme wa kulipasha, mafuta yabaki kwenye nyuzi kama 50. Mwani uliokufa zamani za zamani umewapangia wahandisi kazi.

Mbishi mkubwa wa mwisho wa asili hiyo ya viumbe alikuwa Thomas Gold, mwanafalaki wa Cornell, aliyeshikilia kuwa mafuta hupanda yenyewe kutoka chini kabisa. Kwa ushawishi wake, miaka ya 1980 Waswidi walichimba Siljan, palipopigwa na kimondo, wakashuka zaidi ya kilomita 6 kwenye mwamba wa matale. Kisima cha biashara hawakukipata. Simbezi Gold: Titani, mwezi wa Zohali, una maziwa ya methani, jamaa ya mafuta haya, na hakuna anayedai huko kuna nyasi.

Kijana mmoja wa bodaboda alimpenda Gold kuliko sheikh wa mawaidha yale. Kama mafuta yanapanda yenyewe kutoka chini, alisema, basi hayaishi, na Mwenyezi Mungu hawezi kutoa riziki ya kuisha. Hapo ndipo penye swali la dini, si kwenye muujiza wa aya. Mimi sioni riziki ya kuisha inampunguzia nini Mwenye kuruzuku.

Na dini ina la kusema juu ya riziki ya ardhini: mafakihi wengi waliitenga rikazi na madini. Dhahabu uliyoihangaikia machimboni unaitolea asilimia 2.5; rikazi, yaani mali iliyofukiwa na watu wa kale, ukaikuta tu, unaitolea khumsi, asilimia 20. Walikusudia watu, si mwani, na sisi Mashafii hatutoi zaka ya mafuta. Hata hivyo, nikiyatazama mafuta ya Hoima naona yamekaa kirikazi kuliko kimadini: jasho si letu.

Kijana akaniuliza khumsi hiyo angepewa nani. Tukabishana mpaka adhana ya Magharibi, yeye akitaja barabara za mitaa yetu, mimi nikitaja watakaozaliwa visima vikishakauka.